Mama Hataki Kuondoka Kihambani

Shangazi,

Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mama yetu ana miaka 74, anaishi Machame, wilayani Hai, kwenye kihamba, yaani shamba la familia lenye nyumba, alichoachiwa na marehemu baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Mwaka jana, baada ya kumwona anarudia swali lile lile na kupotea njia akitoka sokoni, tulimpeleka hospitali Moshi. Daktari alituambia ana demensia, ule ugonjwa wa kusahau, na kwamba hauna dawa ya kuuponya na utaendelea taratibu.

Anakaa na mke wa mdogo wetu wa mwisho, ambaye mumewe anafanya kazi Arusha na hurudi mwisho wa juma. Miezi hii mambo yamezidi. Mama ameunguza sufuria mara mbili. Anamwambia wifi yetu kuwa amemwibia pesa za kahawa, kisha pesa zinakutwa kwenye pochi chini ya godoro. Mwezi uliopita alikutwa saa nane usiku amesimama getini kwa jirani, amevaa sweta na kanga, akisema anawahi shule. Tangu siku hiyo kuna maneno ya chini chini kijijini ambayo hata kuyaandika naogopa.

Kaka zangu wameamua mama aje kwangu. Nimepanga ghorofa ya pili, natoka kazini jioni. Tukimgusia, mama anasema, "Hamtanitoa hapa. Mtanitoa siku ya kunizika, na hata siku hiyo nitabaki hapa hapa." Sasa kaka wanasema tumdanganye kuwa anakuja Dar kupimwa macho, akishafika asirudi. Wanasema mtu aliyepoteza kumbukumbu hawezi kuamua pa kuishi. Moyo wangu unakataa, lakini sina hoja. Tufanye nini?

Binti Mkubwa, Tabata, Dar es Salaam

Shangazi anajibu: Pole, mwanangu. Nianze na lile lililokukosesha hoja mbele ya kaka zako. Si kweli kwamba mwenye demensia hawezi kuamua pa kuishi. Ugonjwa huu hauondoi akili yote kwa mkupuo. Mtu anaweza kushindwa kukumbuka alichokula asubuhi na bado akajua kabisa anampenda nani, anaogopa nini, na anataka kulala wapi. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo moja moja na kwa wakati wake. Mama yako huenda hawezi tena kusimamia akaunti ya benki. Hilo halina maana kwamba hawezi kusema anataka kuamkia wapi.

Na amesema. Sentensi uliyoninukulia ina sababu ndani yake. Baba yenu, bila shaka, amezikwa pale, na mama anajua atalazwa kando yake. Huyo si mtu asiyejua anachosema. Nimesoma barua yako yote nikitafuta mahali ambapo mmoja wenu alikaa naye akamuuliza kwa nini, nisipaone. Mmemgusia, mmemwambia, mmepanga. Kumuuliza bado.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hiyo, na ina namna yake. Nenda Machame, wala usiende na kaka zako wote. Watoto wanne wakimzunguka mzee na kumhoji anajiona yuko barazani anashtakiwa. Chagua asubuhi, amekwisha kunywa chai, kwani wagonjwa wengi wa aina hii huchanganyikiwa zaidi jua linapozama. Zima redio. Ongea naye Kimachame ikiwa ndiyo lugha aliyolelewa nayo, maana lugha ya utotoni mara nyingi ndiyo hudumu kuliko zilizokuja baadaye. Uliza jambo moja, kisha nyamaza umpe muda. Usimuulize, "Utakuja Dar au hutaki?" Hilo ni swali la kutega. Muulize siku yake ikoje. Muulize usiku anaogopa nini, anapenda nani amsaidie kuoga, angejisikiaje akiamka na kukuta kahawa na migomba haipo. Muulize tena siku nyingine. Majibu yakifanana kila mara, hapo una uamuzi, hata kama mwenyewe hakumbuki kwamba mlizungumza.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu, mnunulie daftari. Aandike kwa mkono wake anachotaka, akichoka umwandikie wewe naye atie sahihi na tarehe. Itafika siku ambayo hataweza kueleza, na siku hiyo daftari hilo litawatetea yeye na nyinyi. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee mwaka 2016, na haki ya mzee kufanya maamuzi yake imo. Ila sidhani kama kaka zako watashindwa na itifaki. Mwandiko wa mama yao watauheshimu.

Sasa kuhusu ule uongo wa kupima macho. Naomba uukatae kabisa, na useme kwamba mimi ndiye niliyekwambia. Wanaofanya hivyo hudhani mzee atasahau. Atasahau safari, naam. Hofu haisahau. Moyo wa mgonjwa hushika woga na fedheha muda mrefu baada ya tukio lenyewe kufutika, kwa hiyo utabaki na mama anayelia kila jioni akiomba kurudishwa nyumbani bila kujua alifikaje hapo ulipo. Na wewe, ambaye ndiye atakayehitaji kuaminiwa umwogeshe na umpe dawa, utakuwa ndiye uliyemdanganya.

Iko sababu nyingine ya kutomng'oa haraka. Kumbukumbu za mazoea, zile za miguu na mikono, hudumu kuliko kumbukumbu za jana. Nyumbani kwake mama anaweza kutoka kitandani gizani akafika chooni bila kufikiri. Anajua ndoo ilipo, anajua sauti ya ng'ombe anayedai majani, anajua mfereji ulipo na pa kuuvukia. Mkimhamisha, ujuzi wote huo unabaki Machame. Tabata atakuwa mgeni kila asubuhi upya. Ghorofa ya pili, joto la mwezi wa pili ambalo mtu aliyezoea sweta hawezi kulistahimili, mlango uliofungwa kwa funguo tangu unapoondoka hadi unaporudi. Wewe utaita usalama. Yeye atakuwa amefungiwa, na atautikisa mlango huo mchana kutwa.

Lakini mwanangu, nisikufiche. Nyumbani si mahali salama kwa sababu tu ni nyumbani. Mzee akibaki pale bila mpango, huko ni kutelekezwa kwa jina zuri. Usiku ule getini ungeweza kuishia vibaya, na jiko lililosahauliwa likiwaka huchoma nyumba. Nikisema mama abaki, nasema pia kwamba kuna kazi ya kufanya, tena ya haraka.

Tuanze na hospitali. Waulizeni waliompima kama walichunguza pia mambo yanayofanana na demensia au kuizidisha: tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, virusi vya UKIMWI, sonona, na dawa alizokuwa akimeza. Presha na sukari zidhibitiwe, kwani mishipa ya damu ikiharibika ubongo unaharibika nayo. Apimwe masikio na macho, kweli kweli, hapo hapo Moshi. Asiyesikia vizuri huonekana amechanganyikiwa kuliko alivyo. Na mkiona amebadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, haraka hospitali. Demensia haiji kwa kasi hiyo. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, nimonia, au kuvuja damu kichwani baada ya kuanguka. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitambua matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Litumieni.

Nyumba yenyewe inahitaji mabadiliko madogo kuliko mnavyodhani. Taa iwake usiku kucha njiani kuelekea chooni. Mlango wa mbele uwekewe kengele ya kulia unapofunguliwa, wifi yako aamke. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye regulata kila baada ya kupika, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata baridi ikizidi, maana hewa yake inaua watu waliolala. Dawa azitunze mtu mmoja. Lakini, tafadhali, msimnyang'anye jikoni. Amenye ndizi za mtori, achambue maharage, apepete mchele, akae na wifi yako wakati chungu kiko motoni. Nimeona familia zikimkalisha mgonjwa kwenye kiti kuanzia asubuhi, "apumzike," na katika muda mfupi mikono iliyokuwa inajua kazi ikawa haijui tena.

Kuna mwanamke mmoja wa Uingereza, Wendy Mitchell, aliyepewa taarifa ya ugonjwa huu mwaka 2014 akiwa na miaka 58. Aliishi peke yake hadi alipofariki mapema 2024. Aliweka kengele za kumkumbusha kula na kumeza dawa, na alihama mwenyewe kutoka mjini York kwenda kijiji cha karibu na binti yake mmoja, wakati bado anaweza kujifunza njia mpya. Sisemi mama yako aishi kama yeye, kwani hali zao hazilingani. Namtaja kwa sababu alihama, na kuhama kwake hakukumvunja. Alihama kwa hiari, kwa wakati alioupanga.

Nimeacha kwa makusudi jambo linaloniumiza zaidi katika barua yako, nilipe nafasi yake. Maneno ya chini chini. Nayajua hata kama hukuyaandika. Mzee akikutwa usiku kwenye boma la mtu, haelezi alifikaje, wako watakaosema anawanga. Katika nchi zetu hizi maneno hayo yameua. Kule Shinyanga na Mwanza bibi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka yote waliyowapikia watoto. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, nchini Kenya, wanawake wazee wanne walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Usichukulie jambo hili kuwa umbea utakaopita.

Dawa yake ni kuutaja ugonjwa kwa jina, hadharani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwombe mama ruhusa, kisha nenda na wifi yako kwa yule jirani wa getini kwanza, mkamshukuru kwa kumrudisha. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mchungaji na wazee wa kanisa, kwenye jumuiya. Waambie daktari amesema nini. Waambie kwamba wilaya hii hii ya Hai imefanyiwa utafiti: matokeo yalichapishwa mwaka 2013, wazee 1,198 wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na ikakadiriwa kwamba asilimia 6.4 wana demensia. Hiyo ni karibu mzee mmoja kati ya kila 16. Huko huko Hai watafiti walibuni kipimo ambacho mzee anaombwa, pamoja na mambo mengine, kupanga njiti za kiberiti kwa mfano aliooneshwa, kwa sababu wazee wengi hawakuwahi kushika kalamu. Ugonjwa unaopimika kwa njiti za kiberiti hauna uchawi ndani yake. Mwambie pia kijana wa duka, na vijana wa bodaboda kijiweni: mkimwona Mwalimu anatembea peke yake msimpigie kelele, msalimieni, mkamateni mkono, pigeni simu namba hii. Nusu ya kijiji huenda aliifundisha kusoma. Wape nafasi ya kumlipa.

Sasa wifi yako. Barua yako inamtaja kama mtu aliyesingiziwa wizi, basi. Lakini mpango wote huu unasimama juu ya mgongo wake. Yeye ndiye anayeamka saa nane usiku, ndiye anayefua shuka. Mmemuuliza? Msimuulize mbele ya mume wake wala mbele ya mama, maana atajibu kama mke na kama mkwe. Muulize wewe, mwanamke kwa mwanamke, anaweza nini na hawezi nini. Mwelezeni kuwa tuhuma za wizi ni ugonjwa. Mama huficha pesa, husahau kuwa ameficha, na akili yake hutafuta sababu ya pesa kutoonekana. Asibishane naye, amsaidie kutafuta. Kisha nyinyi wanne mmwombe radhi kwa kumwachia mzigo huu peke yake, na mmlipe. Nasema mlipe, kila mwezi, kwenye simu yake mwenyewe, kiasi mlichokubaliana, si "asante ya sikukuu." Tafuteni binti wa kumsaidia. Kila mmoja wenu achukue zamu ya kwenda Machame ili wifi apumzike, na kaka zako wasitume wake zao tu. Wakisema kazi zinawabana, waulize walitarajia wewe ungefanyaje na kazi yako Tabata.

Ikiwa wifi atasema hawezi, msimlaumu. Hapo hesabu inabadilika na mama aelezwe ukweli huo. Haki ya mama kuchagua haimfanyi mwanamke mwingine kuwa mtumwa wa chaguo hilo. Nyumba za wazee za serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Kolandoto mkoani Shinyanga, zipo kwa ajili ya wasio na ndugu wa kuwatunza, hivyo kwenu swali litabaki kuwa ni kwa nani kati yenu.

Ndiyo maana nataka mzungumzie na hilo mapema, mama akiwemo. Muulize: ikifika hali gani, mama, tukuhamishe? Na kwa nani? Wengi hushangaa jinsi mgonjwa anavyojibu wazi akiulizwa kwa heshima. Anaweza kusema, nikianza kuanguka, au nikiwa siwatambui tena. Anaweza kumtaja mtoto ambaye hamkumtegemea. Iandikwe kwenye daftari. Mimi ningeongeza dalili moja: siku atakapokuwa ameketi sebuleni kwake na anaomba apelekwe nyumbani, kila siku, na hakuna kinachomtuliza, ujue kihamba kimekwisha kumtoka akilini. Wakati huo kumhamisha hakumnyang'anyi alichokuwa akikilinda. Na kama mnataka kujua Tabata itakuwaje, aje kwa wiki mbili kama mgeni, aambiwe tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo iheshimiwe hata kama mambo yamekwenda vizuri.

Kuhusu mali niseme kidogo, lakini lisicheleweshwe. Kikao cha mama ataishi wapi na kikao cha kihamba ni cha nani visiwe siku moja. Kama kati yenu kuna anayeona kwamba mama akiondoka shamba litagawanyika mapema, bora hilo lisemwe waziwazi. Mamlaka ya uwakala ya kawaida, hiyo ambayo mtu humwandikia mtoto wake kushughulikia benki na malipo ya uzeeni, kisheria hukoma mwenyewe anapopoteza uwezo wa akili, kwa hiyo msiitegemee miaka yote. Mwoneni mwanasheria sasa awaeleze njia ya mahakama itakayofuata. Kama mama anataka kuandika wosia, aandike wakati daktari bado anaweza kuthibitisha kuwa anaelewa anachofanya. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huandika na kuhifadhi wosia.

Na wewe, ambaye moyo ulikataa kabla hujapata hoja, usije ukajiona umemtupa mama kwa sababu hukumleta kwako. Dunia ina watu zaidi ya milioni 55 wenye ugonjwa huu, na wengi wao wanaishi katika nchi kama zetu, wakitunzwa na ndugu majumbani, mara nyingi na binti au mkwe mmoja aliyechoka. Ukimpunguzia huyo mmoja mzigo, umemtunza mama. Piga simu kila jioni saa ile ile, hata kama ulipiga jana na hakumbuki.

Wasomee kaka zako haya, mama akiwa ameketi hapo pamoja nanyi, na yeye awe wa kwanza kusema. Kisha niandikie alichosema.